Taa ya Kushoto ya Gebhard Nägele

Gebhard Nägele alikuwa fundi bati, na fundi bati haamini tundu. Kwa miaka arobaini na mitatu alipanda mapaa ya mji wa Lauterbronn na vijiji vya jirani, akikunja bati kuzunguka mabomba ya moshi, akitundika mifereji, akiziba kila mahali ambapo tone la maji lingeweza kupenya. Hata leo mvua ikinyesha, nyumba nyingi za barabara ya kanisani ni kavu kwa sababu ya mikono yake. Alikuwa na msemo mmoja tu wa maisha, usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye hakuacha ufa. Akialikwa chakula kwa watu akaona doa la unyevu darini, supu ilipoa mbele yake mpaka aletewe ngazi.

Basi fikiria aibu ya mtu kama huyo, kufika umri wa miaka sabini na sita na kushindwa na kijiko kimoja cha maji. Maji yenyewe yalikuwa ndani ya taa ya mbele ya kushoto ya gari lake.

Gari hilo halikuwa la mchezo. Lilikuwa jeusi, refu, viti vya ngozi rangi ya kahawa ya maziwa, na milango iliyofunga kwa sauti ndogo kama mtu anayefunga kitabu. Huku kwetu bondeni nusu ya watu hutengeneza magari ya namna hiyo na nusu nyingine huyatazama yakipita, na Gebhard alikuwa wa nusu ya pili mpaka alipotimiza miaka sitini na sita. Aliyemsukuma ni mkewe, Irmela.

"Umewafunika vichwa watu wote wa bonde hili," Irmela alimwambia wakati anamenya viazi, "na mimi miaka yote unanipakia kwenye kigari kinachonuka lehemu. Nenda kanunue gari la maana, mzee wangu, kabla magoti hayajakataa kuingia."

"Watu watasema tunajidai."

"Waache waseme. Ndiyo kazi yao ya jioni."

Akanunua. Lilikuwa la mkono wa pili, lakini safi, na wiki mbili za kwanza aliliegesha nyuma ya nyumba ili majirani wasilione. Irmela alicheka mpaka akashika mbavu. Kila Jumapili baada ya ibada walipanda nalo milimani kula samaki wa mtoni, na Irmela, ambaye kanisani aliketi wima kama mshumaa, humo ndani alivua viatu, akakunja miguu juu ya kiti na kuimba nyimbo za ujana wake kwa sauti isiyofuata tuni yoyote. Gebhard hakuwahi kumwambia kwamba ilikuwa sauti aliyoipenda kuliko zote. Miaka minane ilipita hivyo. Kisha mwezi wa Februari, theluji ikiwa bado haijayeyuka kwenye mifereji, moyo wa Irmela ulisimama akiwa anakunja shuka, na Gebhard akabaki na nyumba, na gari, na Traugott.

Traugott Fauser alikuwa makanika, mwenye gereji ya milango ya kijani nyuma ya kiwanda cha zamani cha maziwa. Naye alikuwa mgane, tena wa siku nyingi. Waliingia darasa la kwanza siku moja, wakapata kipaimara siku moja. Gebhard ndiye aliyeezeka gereji ya Traugott, na Traugott ndiye aliyetengeneza kila gari ambalo Gebhard alipata kumiliki. Sasa lazima lieleweke jambo moja kuhusu sisi watu wa hapa: hatusifiani. Mtu akila akanyamaza, mpishi anajua chakula kimeiva vizuri. Kutogombezwa ni sifa tosha, ndivyo tulivyolelewa, na kuomba radhi ni kazi tunayoiahirisha mpaka mazishi. Kwa miaka karibu sabini wazee hawa hawakuwahi kuambiana neno moja jema, na hakukuwa na mtu mjini aliyetilia shaka kwamba walipendana.

Mwaka mmoja baada ya Irmela kufa, mtu asiyejulikana alimkwaruza Gebhard bampa kwenye maegesho ya duka. Traugott alifungua bampa, akatoa taa ya kushoto, akanyoosha, akapaka rangi, akarudisha kila kitu mahali pake. Wiki kadhaa baadaye, asubuhi ya Alhamisi moja ya Machi, Gebhard alitoka nje akaikuta ile taa imetoa jasho kwa ndani. Ukungu mweupe ulikuwa umetanda kwenye kioo, na chini yake matone yamejipanga.

Alikwenda moja kwa moja gereji, hata kofia hakuvaa.

"Taa hukuifunga vizuri," alisema kabla ya salamu.

"Mimi nilikuwa nafunga taa wewe hujui kufunga kamba za viatu," akajibu Traugott kutoka chini ya gari la mtu.

"Basi maji yameingiaje? Yana ufunguo?"

Traugott alijivuta kutoka chini ya gari, akajifuta mikono, akaenda kutazama. Aliitoa taa, akaigeuzageuza, akaichunguza kwa nyuma muda mrefu. Kisha akaiweka juu ya meza mbele ya mashine ya kupuliza joto.

"Inataka saa tatu kukauka," alisema. "Keti. Kahawa ipo."

Saa tatu ni nyingi kwa wazee wawili kwenye viti vya gari vilivyong'olewa, vimewekwa karibu na jiko. Waliongea habari za majira yale ya baridi mto ulipoganda hadi chini ya daraja, wakavuka kwa miguu kwenda kuiba matufaha yaliyohifadhiwa kwenye ghala la mchungaji. Waliongea habari za mwalimu wao wa hesabu aliyekuwa akilala darasani jicho moja wazi. Wakafika kwa Irmela, kama walivyofika siku zote.

"Mimi ndiye niliyemwomba kwanza tucheze," alisema Traugott. "Sikukuu ya mavuno. Usisahau hilo."

"Alikukataa. Alisema unanuka petroli."

"Na wewe ulikuwa unanuka lehemu!"

"Lakini mimi nilikuwa nimenawa."

Gebhard alirudi nyumbani na taa kavu, na ilikaa kavu kwa wiki mbili. Halafu jasho likarudi. Ikawa Alhamisi nyingine, kahawa nyingine, saa tatu nyingine. Aprili ikapita hivyo, na Mei, na Juni. Traugott alijaribu mpira mpya wa kuzungushia globu, kisha mpira mwingine, akikuna kichwa, akisema huenda ni huu, huenda si huu. Wakati mwingine taa ilivumilia wiki tatu, wakati mwingine siku tano tu. Gebhard alilalamika kwa sauti kubwa kila mara. Ila siku ya Jumatano alipiga pasi shati, kazi aliyojifunza uzeeni kwa kuunguza makola mawili, na Alhamisi asubuhi alipita kwa mwokaji kununua mikate miwili ya kusokota yenye chumvi na siagi. Kama ungemwambia kwamba anaingoja Alhamisi kama mtoto anavyoingoja Krismasi, angekufukuza na nyundo.

Mambo yaliharibika Ijumaa moja ya Agosti, katika baa ya Kulungu, kwenye meza yetu ya kila wiki. Kulikuwa na watu saba. Schempp, yule mwokaji mikate, ambaye hawezi kuona kidonda bila kukitia kidole, aliuliza kwa sauti:

"Gebhard, nasikia siku hizi unafuga samaki kwenye taa ya gari?"

Meza nzima ikaangua kicheko.

"Fundi bati mzima!" Schempp akaongeza. "Mji wote umeukausha, gari lako linavuja. Nikuitie fundi?"

Traugott naye alicheka, tena kwa moyo. Hicho ndicho kilichomchoma Gebhard. Uso ulimwiva, na akasema neno ambalo hakuwa amelifikiria hata kidogo.

"Muulizeni huyu. Mikono yake imekwisha. Mtu asiyeweza tena kufunga taa, afunge gereji akalale."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kicheko kilikatika. Kila mmoja alijua kwamba mikono ya Traugott ilikuwa imeanza kutetemeka tangu mwaka jana, na kwamba hakuna aliyekuwa amelitamka. Traugott alimaliza bia yake bila haraka, akavaa kofia, akasimama.

"Usiku mwema, Bwana Nägele," alisema.

Bwana Nägele! Baada ya miaka sabini ya Gebhard, we Gebhard, punda wewe Gebhard. Huku kwetu ukimrudishia rafiki wa utotoni ubwana wake, umemfungia mlango na kutia komeo. Gebhard alibaki anatazama povu la bia yake.

Alhamisi iliyofuata hakwenda gereji, wala ile ya baada yake. Taa ilitoa jasho mpaka ikawa na kidimbwi. Alijaribu kuikausha mwenyewe kwa mashine ya kukaushia nywele ya marehemu mkewe, akapaka silikoni kuzunguka ukingo wote wa kioo, akarudia mara ya pili, na asubuhi ukungu ulikuwa pale pale. Kila alipouona alijiambia: unaona? Mimi nilisema kweli. Kazi mbovu ni kazi mbovu.

Septemba, gazeti dogo la mji lilichapa tangazo kwenye ukurasa wa nyuma. Gereji ya Fauser itafungwa siku ya mwisho ya Oktoba. Mwenyewe anawashukuru wateja wake, na anahamia kwa binti yake Oldenburg. Gebhard alilisoma mara tatu. Oldenburg ni kaskazini kabisa, kilomita mia sita na hamsini, nchi isiyo na kilima hata kimoja. Mzee wa miaka sabini na sita akienda huko harudi kunywa kahawa.

Alikuwa na wiki sita za kumrudisha rafiki yake. Alilijua hilo vizuri sana, na bado alizitumia kungoja Traugott aje yeye kwanza, kwa kuwa taa ilikuwa inavuja na ukweli ni ukweli. Mara mbili aliendesha gari hadi kona ya kiwanda cha maziwa. Mara mbili aliona milango ya kijani iko wazi, akageuza.

Mnamo Oktoba muda wa ukaguzi wa gari ulifika. Mkaguzi alikuwa Bi Sevgi Doruk, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, anayesifika bondeni kote kwa kutohurumia gari la mtu. Alipima breki, akapita chini, akarudi juu, akaguna kwa kuridhika. Kisha akaiwasha taa ya kushoto.

"Hii nini, Bwana Nägele? Kisima?"

"Makanika aliifunga vibaya," alisema Gebhard. "Tangu Februari."

Bi Doruk alifungua boneti, akainama na tochi. Alikaa hivyo kidogo, kisha akacheka puani.

"Makanika gani huyo anayetumia puti ya kuzibia paa?"

"Puti ipi?"

"Njoo uone. Hapa nyuma. Hapa palikuwa na kitundu chenye kofia ya mpira. Taa hii inapumua, bwana. Ukiiwasha inapata joto, hewa inatanuka, inatoka. Ukiizima inapoa, inavuta hewa. Sasa mtu ameiziba pua. Ikipoa inavuta kwa nguvu kwenye viungo, inanyonya unyevu, na unyevu ukishaingia hauna mlango wa kutokea. Ungeipaka silikoni nje mpaka Krismasi, ungezidi kuiharibu tu."

Gebhard aliinama. Puti ilikuwa ya kijivu, imesukumwa vizuri, imelainishwa kwa kidole gumba kilicholowa, kutoka kushoto kwenda kulia, na ncha imekatwa mshazari ili maji yateleze. Kuna mtu mmoja tu Lauterbronn anayemaliza puti hivyo. Ghafla alikumbuka. Ilikuwa Jumamosi, siku chache baada ya Traugott kurudisha bampa. Alifungua boneti kuongeza maji ya kuoshea kioo, akaona kitundu. Kopo la puti lilikuwa kwenye buti la gari, maana yeye hubeba puti kama wengine wanavyobeba leso. Hakufikiri chochote. Aling'oa kofia ya mpira, akaziba, akafuta kidole kwenye suruali, akaenda zake kula.

"Ni mimi," alisema.

"Samahani?"

"Niliyeziba ni mimi."

Bi Doruk alimtazama juu ya miwani yake, na pengine aliona kitu usoni mwake, kwa sababu alipunguza sauti.

"Basi itoe hiyo puti, weka kofia nyingine, urudi ndani ya mwezi. Gari ni zuri, Bwana Nägele. Iache tu taa ivute pumzi."

Nyumbani alipanda moja kwa moja chumbani, akaketi kitandani na koti lake. Chumba kilinuka uvundo. Nyuma ya kabati ukutani kulikuwa na kuvu jeusi, kubwa kama sahani, alilokuwa amelipaka rangi nyeupe mara mbili, na mara mbili lilirudi. Irmela alikuwa anafungua madirisha yote ya nyumba kila asubuhi, dakika kumi, jua au theluji. Miaka arobaini na sita Gebhard alipiga kelele kutoka chini ya mto: "Funga, mwanamke! Tunapasha joto barabara!" Naye alikuwa anasimama pale na gauni la kulalia, nywele zinapeperuka, na kujibu: "Vuta pumzi wewe, uache ubahili." Tangu siku ya mazishi hakuna dirisha lililofunguliwa. Alifikiri anaihifadhi nyumba. Alikuwa anahifadhi harufu ya Irmela, kama tutasema kweli, na hata hiyo ilikuwa imekwisha zamani, imefunikwa na uvundo.

Alisimama akafungua madirisha yote, juu na chini. Upepo wa Oktoba uliingia na majani makavu. Akalia hapo hapo dirishani, mbele ya macho ya jirani aliyekuwa anafagia njia, wala hakujali. Kisha akateremka kutafuta kofia yake, kwa sababu zilikuwa zimebaki siku tatu.

Gereji ilikuwa imejaa watu. Traugott alikuwa anauza vifaa: jeki, spana, mashine ya kujaza upepo, hata vile viti viwili vya karibu na jiko vilikuwa na kijikaratasi cha bei. Karibu meza nzima ya Ijumaa ilikuwepo, na Schempp alikuwa ameshika ngazi ambayo hakuihitaji. Gebhard alipoingia, watu walimpisha. Traugott alikuwa anafunga bisibisi kwenye gazeti. Hakuinua kichwa.

"Unahitaji nini, Bwana Nägele?"

Gebhard alivua kofia. Alikuwa ameitukana mikono ya Traugott mbele za watu, na alijua kwamba akinong'ona sasa haitakuwa na maana. Akasema kwa sauti aliyozoea kutumia kutoka juu ya paa:

"Sikilizeni nyote. Taa niliiharibu mimi. Iliwekewa tundu la kupumua, nami nikaliziba na puti kama mjinga. Traugott aliifunga sawasawa. Mikono yake haina kasoro, haijawahi kuwa na kasoro. Mimi ndiye niliyejikwaa ulimi pale Kulungu, na..." Sisi watu wa hapa hatuna mazoezi. "Na naomba radhi."

Ngazi ya Schempp iligonga sakafu. Traugott aliendelea kufunga bisibisi yake mpaka akamaliza, akaiweka kwenye sanduku.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Habari ya puti. Niliiona siku ile ya kwanza. Machi."

Gebhard alidhani hakusikia vizuri.

"Puti ya kijivu, imelainishwa kwa gumba," alisema Traugott. "Nimeitazama kwenye paa langu mwenyewe miaka thelathini, nitashindwa kuitambua?"

"Uliiona! Miezi mitano unaikausha hiyo taa, unabadilisha mipira, unajikuna kichwa, na ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuitoa, punda wewe?"

Traugott alitazama viti viwili vya karibu na jiko.

"Ningeitoa, ungekuja tena kufanya nini?" alisema. "Tangu Irmela afe ulikuwa hutoki ila kwenda dukani. Nilikuona siku ile ya bampa, shati limefungwa kifungo hapa na hapa. Nikasema, acha iloe kidogo."

Watu walianza kuvitazama vifaa kwa bidii ya ajabu. Gebhard alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine, akakifunika kwa kofia.

"Na pale Kulungu? Kwa nini hukujitetea?"

"Niseme nini mbele ya watu? Kwamba nafuga maji kwenye gari la rafiki yangu kwa sababu napenda kunywa naye kahawa?" Traugott alipenga kamasi. "Lilete hilo gari ndani. Na wewe Schempp, hivyo viti haviuzwi, bandua hicho kijikaratasi."

Kazi ya mwisho ya Gereji Fauser ilikuwa kukwangua puti ya saizi ya kunde na kuweka kofia ya mpira, iliyopatikana ndani ya kopo la vipande vya zamani. Mikono ya Traugott ilitetemeka, Gebhard akashika tochi bila kutoa maoni. Ilichukua dakika nne. Walikaa mpaka jioni.

Wiki iliyofuata Bi Doruk alibandika stika mpya ya ukaguzi, na Jumamosi Gebhard aliyapakia masanduku ya Traugott kwenye buti, kwa kuwa alikataa katakata kusikia neno treni. Walisafiri siku nzima chini ya mvua. Walibishana juu ya njia, juu ya mwendo, juu ya nani hasa aliyeanguka kwenye barafu mwaka ule. Penye tambarare, vilima vilipokwisha, Traugott aligeuka kutazama nyuma. Binti yake Traugott alimlaza Gebhard chumba cha wageni, na asubuhi, kabla ya kuondoka, wazee hao walipeana mikono kama wanavyopeana watu waliouziana ng'ombe. Gebhard alilia kuanzia barabara kuu hadi kituo cha kwanza cha petroli.

Novemba ilikuwa na mvua isiyokatika. Kila asubuhi alifungua madirisha, akahesabu dakika kumi, akatoka kuangalia taa. Ya kushoto, kavu. Ya kulia, kavu. Kioo kiling'aa safi kama siku gari lilipotoka kiwandani. Shati la Alhamisi lilikuwa kwenye kiango, limepigwa pasi, halina pa kwenda. Alisimama na mwavuli mbele ya gari lake la fahari, lililopona kabisa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake fundi bati huyu alitamani maji yaingie.

Alirudi ndani akapiga simu.

"Fauser hapa," ikajibu sauti.

"Taa ya kulia ina ukungu," alisema Gebhard.

Upande wa pili redio ilizimwa.

"Ya kulia?"

"Ya kulia."

"Ukungu kiasi gani?"

"Kidogo. Lazima uiname sana ndipo uuone."

"Mwongo mkubwa wewe," alisema Traugott.

"Ndiyo," alisema Gebhard.

Alisikia kiti kikiburutwa, na mtu akiketi vizuri.

"Basi ilete," alisema Traugott. "Lakini ujue huku kuna baridi kuliko huko. Inaweza kuchukua siku nne tano kukauka."